Selsiasi au Farenhaiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na Waswahili walioko Marekani

Ukurasa huu ni wa ndugu zetu waliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki na Kongo, pamoja na waliobaki nyumbani wanaopokea simu, mapishi na vifurushi kutoka huku. Maswali yenyewe ni yale yanayorudi kila baridi inapoanza kuuma: kwenye harusi, msibani, nje ya msikiti na kanisa, na kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi nimekulia Tanga na sasa naishi Ohio. Nina upande wangu katika jambo hili na nitausema wazi, lakini kwanza tuelewane.

Kwa nini Wamarekani wanatumia Farenhaiti na sisi tumezoea Selsiasi?

Waliirithi kwa Waingereza na hawakuiacha. Waingereza wenyewe walikuja kubadilika: idara yao ya hali ya hewa ilianza kutangaza Selsiasi kwa umma mwaka 1962. Australia ilifuata mwaka 1972, Kanada Aprili 1975. Mwaka huohuo wa 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya kuipeleka Marekani kwenye vipimo vya mita, ila sheria ile ilimwachia kila mtu hiari yake. Kiwanda kilichotaka kubadili kilibadili, kisichotaka kikakaa. Bodi iliyopewa kazi ya kusukuma mabadiliko ikavunjwa mwaka 1982, wakati wa Ronald Reagan, na mtu wa kawaida hapa akaendelea na 70 yake na 90 yake kama zamani. Hawako peke yao kabisa: Visiwa vya Cayman, Palau na Visiwa vya Marshall nao wamo.

Sisi nasi tulipita huko. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo hospitali na shule za wakati ule zilitumia Farenhaiti. Ukimpata muuguzi mstaafu aliyesomea kazi yake kabla ya uhuru, muulize joto la mtu mzima wa afya. Huenda akakujibu 98.4, kwa kuwa vipimajoto vya Kiingereza vya zamani vilichorwa mshale mahali hapo. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawakuonja hayo, maana Wabelgiji walikuja na Selsiasi tangu mwanzo. Ndiyo maana familia ya Mkongo inayotua Kentucky au Texas kutoka kambi ya wakimbizi mara nyingi haina hata mzee mmoja wa kumuuliza.

Nani alizianzisha, na hiyo 32 ilitoka wapi?

Swali hili ninalipenda kuliko yote, kwa sababu wengi wanadhani 32 ilitolewa tu hewani.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686, mji ambao leo ni Gdańsk, Poland. Baba na mama yake walifariki siku moja mwaka 1701 baada ya kula uyoga wenye sumu, kijana akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara. Biashara haikumkaa moyoni. Alichokipenda ni kutengeneza ala za kupimia, na shida kubwa ya zama zile ilikuwa kwamba vipimajoto viwili vya mafundi wawili havikukubaliana kamwe. Alipofika Copenhagen mwaka 1708 alimwona Ole Rømer, mwanafalaki aliyekuwa na kipimo chake ambacho barafu inayoyeyuka ilikaa kwenye 7 na nusu, na mwili wa binadamu kwenye 22 na nusu. Fahrenheit hakuzitaka hizo nusu. Akazidisha kwa nne, akapata 30 na 90, kisha akazisogeza kuwa 32 na 96.

Kwa nini akasogeza? Kwa sababu kati ya 32 na 96 kuna nafasi 64, na 64 unaipata kwa kukata nusu, kisha nusu ya nusu, mara sita. Fundi mwenye bomba jembamba la kioo mkononi hawezi kuligawa sehemu 60 kwa macho, lakini kukata nusu anaweza, tena kwa usahihi. Sifuri yake aliipata kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, baridi kali aliyoweza kuitengeneza tena na tena mezani pake. Mwaka 1724 akaichapisha kazi hiyo katika jarida la Royal Society ya London. Baada ya kifo chake mwaka 1736 kipimo kikarekebishwa ili maji yachemke kwenye 212 kamili, yaani nafasi 180 juu ya barafu. Hapo ndipo joto la mwili lilipohama kutoka 96 ya mwanzo.

Anders Celsius alizaliwa Uppsala, Sweden, mwaka uleule wa 1701 ambao mwenzake aliachwa yatima. Alikuwa mwanafalaki, na mwaka 1742 alipendekeza kipimo cha nafasi 100 kati ya barafu na maji yanayochemka. Ila yeye alikiweka kichwa chini: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Huko Lyon, Ufaransa, Jean-Pierre Christin aliweka mpangilio tuliouzoea mwaka 1743, na Uppsala nako wakakigeuza muda mfupi baada ya Celsius kufariki mwaka 1744. Kwa miaka mingi kikaitwa sentigredi, na wazee wengi kwetu bado wanasema hivyo. Jina la Celsius lilirasimishwa mwaka 1948.

Basi ipi ni bora?

Mimi ni wa Selsiasi. Nitaeleza sababu, lakini nitaanza na haki ya upande wa pili, kwa maana wengi wetu tunaidharau Farenhaiti bila kuisikiliza.

Mmarekani anakwambia: kipimo changu kinafuata ngozi ya mtu. Kwake 0 ni baridi ya hatari na 100 ni joto la hatari, na kati yake ndimo yanamopita maisha ya mwaka mzima katika miji kama Chicago au Columbus. Akisema kesho tutakuwa kwenye sabini na kitu, amekwisha kukuambia uvae shati la mikono mifupi, na hana haja ya kuongeza neno. Pia nafasi zake ni ndogo. Chumba kikitoka 70 kwenda 72 unauhisi utofauti, na hakuna haja ya nukta. Kwenye Selsiasi ungesema 21 kwenda 22 na kidogo. Hoja hiyo ni ya kweli na ninaikubali.

Isiyo ya kweli ni ile inayosemwa na watu wetu, kwamba Selsiasi ni ya kisayansi na Farenhaiti ni ya kubahatisha. Zote mbili zilichagua sifuri yake. Hata ile 100 ya maji yanayochemka ni ya usawa wa bahari. Ukiwa Tanga inakuja sawa, lakini mtu wa Nairobi, kwa mwinuko ule, anachemsha chai yake kwenye takriban 94. Wanasayansi wenyewe katika hesabu nyingi wanatumia Kelvini, kipimo ambacho sifuri yake ndiyo mwisho kabisa wa baridi.

Sasa sababu yangu. Katika nchi ya baridi, jambo moja linalobadilisha siku nzima ni maji kuganda. Chini ya hapo mvua ni theluji, ngazi za nje zinateleza, bomba la maji linaweza kupasuka, na daraja limefunikwa barafu nyembamba usiyoiona. Juu ya hapo ni baridi tu, vaa koti uende. Selsiasi inaliweka jambo hilo kwenye sifuri, mahali ambapo jicho haliwezi kupotea: ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, shika usukani kwa adabu. Farenhaiti inalificha kwenye 32, kati ya 31 na 33 ambazo kwa mgeni zinafanana tu. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, Kigoma au Bukavu mjini, ambaye barafu ameijua kwenye friji peke yake, mpaka ule ndio wa kwanza anaopaswa kuujua. Kwa hiyo nasema Selsiasi inamlinda mgeni kuliko Farenhaiti.

Lakini kama umekwisha kukaa hapa na Farenhaiti imekuingia, usijione umepotea. Upendeleo wa kipimo hautoki kwenye hoja, unatoka kwenye mazoea. Mtu anapenda namba ambazo mwili wake umekwisha kuzijua.

Nipe njia nyepesi ya kubadili kichwani.

Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti: zidisha mara mbili, ongeza 30. Kurudi: toa 30, gawa kwa mbili. Ukisikia 70 redioni, toa 30 inabaki 40, nusu yake 20. Jibu la kweli ni 21, na kwa kuchagua nguo hilo linatosha kabisa. Hesabu hiyo ni sahihi barabara kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, ambazo ni 50, na kadiri unavyoenda mbali na hapo ndivyo inavyopotoka.

Ukitaka jibu kamili bila kikokotoo: zidisha mara mbili, toa moja ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Chukua 25. Mara mbili ni 50, toa 5 inabaki 45, ongeza 32 ni 77. Ndiyo yenyewe, si makadirio.

Ila mimi sikushauri uishi kwa hesabu. Anayebadili kila namba kichwani atabadili miaka ishirini na hatauhisi ujoto wala ubaridi wa namba yoyote. Kariri alama chache, halafu ziache zikuzoee.

Alama zipi nizikariri?

Anza na mwendo huu: kila nyuzi 5 za Selsiasi ni nyuzi 9 za Farenhaiti. Ukiijua 32 kwamba ni 0, basi 41 ni 5, 50 ni 10, 59 ni 15, 68 ni 20, 77 ni 25, 86 ni 30, 95 ni 35 na 104 ni 40. Watoto wa shule ya msingi wanaishika kama jedwali la tisa.

Kisha zipe maisha. 86 ni mchana wa kawaida Dar es Salaam au Mombasa, ile hali unayotafuta kivuli cha mwembe lakini hulalamiki. 77 ni Zanzibar alfajiri. 68 ni sebule ya Marekani yenye hita. 50 ni Nairobi asubuhi ya Julai, watu wamejikunyata kituoni. 41 hutaipata kwetu isipokuwa milimani, Njombe na Makete wakati wa kipupwe, au juu zaidi. Kutoka 32 kwenda chini huna kumbukumbu ya nyumbani ya kuegemea, itabidi ujenge mpya hapahapa.

Zipo pia mbili zinazogeuka zenyewe na kukaa kichwani kwa urahisi: 16 ya Selsiasi ni kama 61, na 28 ni kama 82.

Bibi yangu haamini nikimwambia huku kuna baridi. Nifanyeje?

Hili limezigusa familia nyingi. Simu huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko? Baridi kiasi gani leo?"

"Ishirini, bibi. Hata kutoka nje hatutoki."

"Ishirini? Mbona hiyo Lushoto wanalala nayo, na asubuhi wanakwenda shambani?"

Bibi hana kosa. Ishirini aliyoisikia ni ya Selsiasi, ya hewa safi na shuka moja. Ishirini uliyoisema ni ya Farenhaiti, karibu 7 chini ya sifuri, ambayo nguo mbichi ukiianika nje inakuwa kama ubao. Mwambie hivi: "Bibi, leo ni nyuzi saba chini ya barafu." Akisikia chini ya barafu ataelewa mara moja, na kuanzia hapo ataanza kukuombea.

Mtoto ana homa na kipimajoto kinasoma 101. Ni nyingi?

Hapa acha njia ya mkato kabisa. Ile ya kuzidisha mara mbili na kuongeza 30 inaharibu hesabu ya homa. Chukua joto la kawaida, 37: mara mbili ni 74, ongeza 30 unapata 104. Na 104 halisi ni 40 ya Selsiasi, homa kali. Utakuwa umemuuguza mtoto mzima.

Kwenye homa kariri namba hizi jinsi zilivyo. 37 ni 98.6. 38 ni 100.4, na hapo ndipo madaktari wengi wanapoanza kuiita homa. 39 ni 102.2. 40 ni 104. Kwa hiyo 101 ni takriban 38.3: homa ipo, mwangalie mtoto kwa karibu, anakunywa, anakojoa, anacheza au amelegea? Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akifika 38, yaani 100.4, usingoje asubuhi wala usimtibu nyumbani. Mpigie daktari au mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Ukipiga simu zahanati ya hapa, muuguzi atauliza namba na atategemea Farenhaiti. Msomee namba kama kioo kinavyoonyesha, taja na herufi iliyo pembeni, F au C. Usimbadilishie wewe. Yeye anajua kazi yake, na saa nane ya usiku mzazi aliyekesha si mtu wa kupiga hesabu.

Watu huuliza pia kwa nini 98.6, mbona ina nukta kana kwamba imepimwa kwa uangalifu wa ajabu. Daktari Carl Wunderlich wa Leipzig alipima wagonjwa kwa maelfu na mwaka 1868 akatoa 37 kuwa wastani. Ile 37 ni namba ya mviringo, ya kukadiria. Ilipopelekwa Farenhaiti ikatokea 98.6 na nukta yake, na watu wakaiamini nukta. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha wastani ulio chini kidogo ya hapo, na joto la mtu mmoja hupanda jioni na kushuka alfajiri. Kwa hiyo ukisoma 97.9 au 99 huku mwili mzima, tulia.

Mapishi ya mtandaoni yanasema 350. Oveni ya nyumbani haifiki huko!

Hiyo ni 350 ya Farenhaiti, kama 180 ya Selsiasi. Ndiyo moto wa keki nyingi, na ndiyo ninaotumia kwa mkate wa kumimina. 375 ni kama 190, 400 ni kama 200, 425 ni kama 220 na 450 ni kama 230. Kama una jiko la gesi la Kiingereza lenye namba tu kwenye kitasa, namba 4 ndiyo 180.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu katumiwa mapishi ya mkate wa kumimina na shangazi yake wa Unguja: unga wa mchele, tui zito, hamira, iliki, oveni nyuzi 180. Anaingia jikoni Columbus, anabonyeza 180 kwenye oveni ya Kimarekani. Ile ni 82 ya Selsiasi, moto wa kupashia sahani. Mkate uliokwisha kuumuka vizuri unakaa humo saa nzima, juu unakauka ngozi, katikati bado uji, na iliki nzuri imekwenda bure. Kabla ya kuwasha oveni, angalia namba inatoka nchi gani. Wanaopalia makaa juu na chini hawana shida hii, mkono wao ndio kipimajoto.

Kwa nyama: kuku anahesabiwa ameiva ndani akifika 165 ya Farenhaiti, yaani 74. Friji iwe 40 au chini kidogo, ambayo ni 4. Friza iwe 0. Ndiyo, sifuri ile ya Fahrenheit mwenyewe, 18 chini ya barafu.

Nyumbani niweke hita kwenye ngapi?

Familia nyingi hapa hukaa kati ya 68 na 72 mchana, yaani 20 hadi 22. Wageni kutoka pwani wanapenda kupandisha hadi 80 ili wajisikie nyumbani, halafu bili inakuja. Vaa sweta na soksi ndani, weka 68, funga mapengo ya madirisha.

Na ujue haki yako kama umepanga. Miji mingi ina sheria. New York City, kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mwenye nyumba anatakiwa kuhakikisha ndani kuna angalau 68 mchana nje inaposhuka chini ya 55, na usiku angalau 62. Kwa Selsiasi ni 20 na takriban 17. Ukiwa unalalamika, nunua kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo, piga picha yake pamoja na saa. Namba ikiwa kwenye Farenhaiti hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini.

Simu inasema 0, lakini "inahisi kama" -19. Niamini ipi?

Zote. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni hewa pamoja na upepo. Ikiwa ni 0 ya Farenhaiti na upepo wa maili 15 kwa saa, mwili unapoteza joto kana kwamba ni -19, karibu 28 chini ya sifuri ya Selsiasi. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Masikio, pua na vidole vya watoto ndivyo vinavyoanza. Mtoto anayesubiri basi la shule avae kofia ya kufunika masikio na glavu za vidole pamoja, si zile za vidole mbalimbali.

Nyuzi 20 ni joto mara mbili ya nyuzi 10?

Hapana, katika kipimo chochote kati ya hivi viwili. 10 na 20 za Selsiasi ni 50 na 68 za Farenhaiti, na 68 si mara mbili ya 50. Sifuri zote mbili ni za kuchaguliwa, si mwisho wa baridi.

Wanaposema dunia imepanda nyuzi 1.5, kwa Farenhaiti ni ngapi?

2.7. Wengi wanaandika 1.5 kwenye kikokotoo cha simu, kinawajibu 34.7, wanapigwa na butwaa. Kikokotoo kimejibu swali jingine: kimebadili joto la siku ya 1.5. Ongezeko la joto halibebi ile 32. Zidisha kwa 1.8 basi. Vilevile muuguzi akisema homa imeshuka nyuzi 2 za Farenhaiti, imeshuka kama 1.1 ya Selsiasi.

Ni kweli kuna mahali zinakutana?

Ndiyo, 40 chini ya sifuri. Hapo hakuna haja ya kuuliza ni ipi. Kaskazini ya Minnesota hufika huko baadhi ya miaka. Kijiji cha Tower kilirekodi -60 ya Farenhaiti Februari 2, 1996, ambayo ni takriban -51.

Je, kuna nchi zinazochanganya zote mbili?

Kanada. Hali ya hewa husoma Selsiasi, oveni jikoni ni Farenhaiti, na hawaoni tabu.

Uingereza nako mchanganyiko wake una somo. Baadhi ya magazeti yake hupenda Farenhaiti wakati wa joto na Selsiasi wakati wa baridi, kila msimu namba inayoshtua zaidi. Agosti 2003 nchi ile ilivuka 100 ya Farenhaiti kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, ikawa habari kubwa. Kwa Selsiasi siku ile ilikuwa 38 na nusu, namba isiyo na umbo. Julai 19, 2022 ikawa zamu ya Selsiasi: Coningsby ilifika 40.3, na 40 ile ikatikisa nchi nzima. Hapo ndipo utaona kwamba kipimo unachokipenda kinakuchagulia hata siku ya kushtuka.

Uarabuni ni Selsiasi tupu. Ndugu zetu wa Oman wakikwambia usiku ulikuwa 42, wanamaanisha hivyo hivyo: Juni 2018, mjini Qurayyat, joto halikushuka chini ya 42.6 usiku na mchana. Kwa Mmarekani utamwambia karibu 109.

Watoto wangu wamezaliwa hapa, wanajua Farenhaiti tu. Niwalazimishe?

Usiwalazimishe, wazoeze. Darasa la sayansi litawapa Selsiasi kwa vyovyote, lakini huko itakuwa namba za maabara. Kinachofaa ni kuwapa Selsiasi yenye watu ndani yake. Weka mji wa bibi yao kwenye simu ya nyumbani, kando ya mji mnaoishi, na wauache usome Selsiasi, wenu ubaki na Farenhaiti. Asubuhi mtoto akisoma "Tanga 29, Columbus 28" na akajua mwenyewe kwamba ya kwanza ni jua la ufukweni na ya pili ni theluji, amezishika zote mbili.

Nataka kutuma kipimajoto na dawa nyumbani. Niangalie nini?

Kipimajoto kibadilishe kabla hujakifunga. Vingi vya kidijitali vina kitufe au namna ya kushikilia swichi mpaka herufi igeuke kutoka F kuwa C. Maelezo yako kwenye karatasi ya ndani. Kama hakibadiliki, usikitume, nunua kingine. Mama mzazi kijijini akiona 99 kwenye kioo ataita bodaboda usiku, na mhudumu wa zahanati hatakuwa na la kufanya na namba ile.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya 2 na 8 za Selsiasi, na lebo ya Marekani itaandika 36 hadi 46. Andika namba za Selsiasi kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, pamoja na maneno "isiwekwe friza", kwa sababu ikiganda imeharibika hata kama imeyeyuka tena na inaonekana safi. Kwenye ndege ibebe mkononi, na barua ya daktari, si kwenye begi la chini. Na ukiandika ujumbe kuhusu joto lolote, la dawa, la oveni au la mtoto, weka herufi mbele ya macho: 8 C, 46 F.